Kupima hewa ukaa ya mafuta ya kampuni: fungua leja ya lita kwanza

Siku hizi swali linafika mpaka kwenye yadi za malori za Kurasini na Tabata: mteja anayesafirisha kahawa au shaba anataka kujua kampuni yenu imetoa tani ngapi za hewa ukaa kwa mwaka. Bosi anamsukumia mhasibu, mhasibu analileta stoo, na stoo ndiko niliko mimi, karani wa mafuta. Nimeona kampuni zikikimbilia kununua programu au kumlipa mshauri kabla hata leja haijafunguliwa. Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Kazi iko kwenye kuzipata lita za kweli, na hizo hakuna mshauri atakayezijua kumzidi mtu anayepiga dipu, yaani anayepima kimo cha mafuta tenkini kwa kijiti, kila asubuhi.

Namwandikia karani mwenzangu mwenye malori kadhaa, jenereta, foklifti na magari mawili matatu ya ofisi. Mwenye boila kiwandani au mwenye boti atatumia njia hiihii, atabadilisha tu kizidishi, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila lita au kilo ya mafuta.

Kilo 2.68 zinatoka wapi

Kwa dizeli shika namba moja: lita ikiungua hutoa takribani kilo 2.68 za hewa ukaa. Madereva wakiiona kwenye ubao wetu huuliza swali lilelile, na ni swali zuri: "Dada, lita ya dizeli haifiki hata kilo moja. Hizo kilo mbili na ushei zinatoka wapi?"

Zinatoka hewani. Lita ya dizeli ina uzito wa gramu kama 840, na takribani asilimia 86 ya uzito huo ni kaboni, yaani gramu 722 hivi. Ndani ya injini kila atomu ya kaboni, yenye uzito wa 12, hushikana na atomu mbili za oksijeni zenye uzito wa 16 kila moja. Jumla ni 44, na 44 ukigawa kwa 12 ni 3.67. Kwa hiyo kila kilo ya kaboni hutoka kwenye ekzosi ikiwa kilo 3.67 za hewa ukaa. Zidisha 722 kwa 3.67 unapata kilo 2.65, jirani kabisa na ile namba ya ubaoni. Dereva akishaelewa hapo, hakuna tena anayedhani tunabuni.

Namba ya ubaoni inatokana na miongozo ya mwaka 2006 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia sayansi ya tabianchi. Wanasema kilo moja ya dizeli ina nishati ya megajuli 43, na kila megajuli ikiungua hutoa gramu 74.1 za hewa ukaa. Hiyo ni kilo 3.19 kwa kila kilo ya dizeli. Zidisha kwa 0.84, uzito wa lita, unapata 2.68. Petroli ni megajuli 44.3 kwa kilo na gramu 69.3 kwa megajuli. Lita yake ina uzito wa kilo 0.74 hivi, kwa hiyo inatoa kilo 2.27. Gesi ya mitungi hupimwa kwa kilo, nayo kila kilo hutoa kilo 2.99. Mafuta mazito ya boila ni kilo 3.13 kwa kilo. Gesi asilia, hii ya Songo Songo inayojazwa kwenye magari hapa Dar es Salaam, ni kilo 2.69 kwa kila kilo.

Utakutana na namba zinazopishana kidogo. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linatumia kilo 10.21 kwa galoni ya dizeli, ambayo ni 2.70 kwa lita. Hakuna ugomvi hapo, ni tofauti ya dizeli iliyopimwa. Chagua chanzo kimoja, kiandike juu ya karatasi yako pamoja na mwaka wake, na usikibadilishe katikati ya mwaka.

Kutokana na hilo unaona kwamba hakuna haja ya kifaa cha kuchomeka kwenye ekzosi. Karibu kaboni yote iliyoingia kwenye tenki itatoka ikiwa hewa ukaa, injini iwe mpya au ya zamani. Watu wengi huchanganya hili na moshi mweusi. Moshi ni masizi, na masizi yanaua mapafu ya watu wa Buguruni na Mbagala, ni jambo la kupigiwa kelele kivyake. Lakini hewa ukaa haionekani wala hainuki. Lori chakavu linatoa hewa ukaa nyingi kwa sababu linakunywa lita nyingi, na lita hizo tayari ziko kwenye leja.

Mafuta ya nani

Kabla ya kuhesabu, kubalianeni na bosi mnahesabu magari gani. Mwongozo unaotumiwa na kampuni nyingi duniani ni GHG Protocol, uliotolewa na taasisi za WRI na WBCSD mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2004. Unagawa mambo katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni kile mnachokiunguza wenyewe, kwenye magari na mitambo mnayoiendesha. La pili ni umeme mlionunua. La tatu ni vyote vinavyotokea kwa wengine kwa sababu ya biashara yenu.

Panapoleta ubishi ni malori ya kukodi. Msimu wa mzigo ukiwa mwingi, kampuni huchukua malori ya watu binafsi. Kanuni tunayoitumia sisi ni rahisi: kama dereva anapokea amri kwetu na mafuta tunajaza sisi, hilo ni letu, kundi la kwanza. Kama mwenye lori anajaza mwenyewe na sisi tunamlipa kwa tani, hilo ni kundi la tatu, linaandikwa kwenye ukurasa wake. Kosa la kukwepa ni kuliacha nje ya kurasa zote mbili, maana hapo kampuni inaonekana safi kwa sababu tu imekodi.

Lita za tenki la yadi

Fomula ya stoo kila karani anaijua: mafuta yaliyokuwepo mwanzo wa mwezi, ongeza yaliyopokelewa, toa yaliyobaki. Hayo ndiyo yaliyotumika. Ugumu uko kwenye maneno "yaliyokuwepo" na "yaliyobaki", kwa sababu yote mawili yanategemea dipu.

Piga dipu alfajiri, kabla pampu haijafunguliwa na kabla boza halijaingia. Futa kijiti kikauke kabisa. Pakaa chaki sehemu unayotarajia mafuta yafike, ili mstari uonekane wazi. Kishushe polepole kikiwa wima mpaka kiguse chini, usikidondoshe, maana kikiruka mafuta yanarukia juu ya mstari. Kitoe, soma mara moja, kisha rudia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya nusu sentimita, piga cha tatu. Mara moja kwa wiki paka ncha ya kijiti ile dawa ya kugundua maji. Ikibadilika rangi, kuna maji chini, na maji hayaungui, kwa hiyo kimo chake kinatolewa.

Nusu sentimita si kitu kidogo. Chukua tenki la kulala lenye kipenyo cha mita 2 na urefu wa mita 5. Kimo kikiwa katikati, sentimita moja ni lita 100. Kimo kikiwa sentimita 10 kutoka chini, sentimita hiyohiyo ni lita 44 tu, kwa sababu tenki ni la mviringo na chini ni jembamba. Ndiyo maana huwezi kugawanya ujazo wa tenki kwa kimo chake. Tumia jedwali la tenki lenyewe, lile lililotoka kwa waliolipima. Kama limepotea, lipimwe upya. Hiyo ni gharama yenye maana kuliko programu.

Sasa niseme jambo ambalo limewaponza walinzi na makarani wasio na kosa. Dizeli hupanuka ikipata joto, na kwa kila nyuzi 10 za selisiasi ujazo hubadilika kwa takribani lita 8 katika kila 1,000. Boza limesimama juani foleni nzima, linashusha lita 10,000 za moto saa saba mchana kwenye tenki la chini ya ardhi. Usiku mafuta yakipoa nyuzi 10, asubuhi dipu inaonyesha upungufu wa lita 83 bila mtu kugusa kitu. Uzito haujapungua hata gramu, na kaboni ni ileile. Kabla hujamwita mtu mwizi, angalia hati ya kupokelea mafuta. Mara nyingi ina joto na densiti, yaani uzito wa lita moja, wakati wa kupakia. Kama ina densiti, tumia hiyo badala ya 0.84, na hesabu yako itakuwa nzuri zaidi.

Lita za njiani

Tenki la yadi huwa halitoshi. Lori la Lubumbashi linaondoka Dar, linapita mizani ya Vigwaza, linapanda Kitonga, linafika Tunduma likiwa na kiu. Likivuka kuingia Zambia mpaka Kasumbalesa litajazwa tena. Mafuta ya Zambia na ya Kongo ni yenu pia. Mpaka wa nchi haupunguzi hewa ukaa ya kampuni.

Mwagize dereva akuletee mambo manne kwa kila sheli: risiti, lita, namba ya gari na kilometa zilizosomeka kwenye dashibodi. Hapa nyumbani risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki, ina lita, lakini wino wake hufifia kwenye joto la kabini, kwa hiyo apige picha palepale na aitume. Utingo mwenye simu nzuri anafaa sana kwa kazi hii, na mimi huwapa wao jukumu hilo kwa majina, kwa sababu dereva anahangaika na foleni.

Zikikosekana lita, ipo fedha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, zinazoanza kutumika Jumatano ya kwanza. Gawanya kiasi kilicholipwa kwa bei kikomo ya mji ule. Kama ni shilingi 600,000 na bei ni 3,000 kwa lita, weka lita 200. Angalia tarehe: risiti ya tarehe mosi inaweza kuwa bado iko kwenye bei ya mwezi uliopita. Kumbuka pia kwamba hiyo ni bei ya juu kabisa inayoruhusiwa. Sheli ikiuza chini yake, lita halisi zilikuwa nyingi kuliko ulizozipata. Kwa hiyo kila mstari uliokadiriwa kwa fedha uwekee alama, na mwisho wa mwaka useme ni asilimia ngapi ya lita zote.

Sipendi kukadiria kwa kilometa. Lori lilelile lenye tani 28 halinywi sawa kwenye tambarare ya Chalinze na kwenye mlima wa Kitonga, na kurudi tupu ni hadithi nyingine kabisa. Kilometa zitumie kukagua: ukiona gari limeruka kutoka lita 42 kwa kilometa 100 hadi 55, aidha risiti imeandikwa mara mbili, au injini inaumwa, au mafuta yameshuka njiani.

Na hayo ya kushuka njiani lazima yazungumzwe. Mafuta yaliyonyonywa na kuuzwa kwenye madumu hayakuungulia kwenye lori letu, lakini yameungulia kwenye bodaboda au mashine ya mtu. Kuna wanaosema yatolewe kwenye hesabu. Mimi nasema yabaki, yawe na mstari wake wenye jina "upotevu", mpaka kuwe na ushahidi wa lita kamili, kama vile ripoti ya polisi. Ukiruhusu yatolewe kwa maneno tu, utaona kila mwezi hewa ukaa inapungua na wizi unaongezeka, na karatasi inamsifu bosi kwa hasara yake.

Mitungi, jenereta na vidogo vidogo

Jenereta ikijazwa kwa dumu kutoka tenki la yadi, tayari imo kwenye lita zilizotumika. Usiiongeze tena. Iandikie vocha zake ili tu ujue inakula kiasi gani TANESCO ikikata. Kama inajazwa moja kwa moja na muuzaji, basi ongeza.

Mitungi ya foklifti hesabu kwa kilo za gesi, usipime mtungi mzima na chuma chake. Mtungi ukirudishwa na mabaki, pima kwenye mizani na utoe. Malori mapya yanayotumia AdBlue, maji ya urea ya kusafisha moshi wa ekzosi, nayo hutoa hewa ukaa kidogo kutokana na urea, takribani kilo 0.26 kwa lita. Kwa kawaida haifiki asilimia moja ya jumla, lakini ni mstari mmoja tu, uandike. Kuni na mkaa wa jikoni kwa mama lishe wa yadi, kama kampuni ndiyo inayonunua, hewa ukaa yake huripotiwa kando, kwa sababu kaboni yake ilitoka kwenye miti.

Mwezi mmoja wa mfano

Tuseme tenki lilianza na lita 8,200, likapokea 30,000, likabaki na 6,900. Zimetumika 31,300. Vocha za pampu zinajumlisha 30,860. Tofauti ni lita 440, asilimia 1.4. Kabla ya kwenda mbele tafuta sababu: joto, mita ya pampu isiyopimwa muda mrefu, vocha iliyosahaulika. Kwenye hewa ukaa unatumia 31,300, zile zilizoondoka tenkini, na 440 unazitaja peke yake.

Risiti za njiani ni lita 12,450. Jumla ya dizeli ni 43,750. Mara 2.68 ni kilo 117,250. Petroli ya magari ya ofisi lita 610, mara 2.27, ni kilo 1,385. Mitungi 24 ya kilo 15 ni kilo 360 za gesi, mara 2.99, ni kilo 1,076. Jumla kuu ni kilo 119,711, sawa na tani 119.7. Usiandike tani 119.711 kwenye barua ya mteja. Dipu yako haina usahihi wa kilo moja, na kuandika hivyo ni kumdanganya.

Hapa nimehesabu hewa ukaa peke yake. Mteja akitaka "sawa na hewa ukaa", yaani pamoja na methani na oksidi ya nitrasi zinazotoka kwenye ekzosi, dizeli ya malori itaongezeka kwa kiasi cha asilimia moja hivi. Gari la gesi asilia ni suala jingine, maana methani inayovuja bila kuungua ina nguvu kubwa ya kupasha joto, kwa hiyo lipate hesabu yake.

Mteja akitaka kwa tani na kilometa

Wengi hawataki jumla ya kampuni. Wanataka kujua mzigo wao ulitoa kiasi gani. Hapo unahitaji tani-kilometa: tani zilizobebwa mara kilometa zilizosafirishwa. Tuseme tani 28 zimekwenda kilometa 900, hizo ni tani-kilometa 25,200. Lori limetumia lita 400 kwenda na lita 260 kurudi tupu. Jumla lita 660, hewa ukaa kilo 1,769. Gawanya: gramu 70 kwa tani-kilometa.

Kuna watakaokuambia uhesabu safari ya kwenda tu. Ukifanya hivyo unapata gramu 43, na ni uongo mzuri sana. Lori lile lisingeweza kuchukua mzigo unaofuata bila kurudi. Kiwango cha kimataifa cha usafirishaji, ISO 14083 cha mwaka 2023, nacho kinataka safari tupu ziingizwe. Kinataka pia hewa ukaa iliyotoka kabla dizeli haijafika tenkini: kuchimba, kusafisha, meli mpaka bandarini. Hiyo huongeza takribani kilo 0.6 kwa kila lita, zaidi ya asilimia 20 juu ya ile 2.68. Kwa hiyo muulize mteja kwanza anataka ya kuungua tu au ya safari nzima ya mafuta, na andika jibu lake. Kampuni mbili zikituma namba mbili zisizofanana kwa swali hili, huenda iliyo chini ndiyo iliyoacha nusu ya mambo.

Tunachopeleka sisi ni ukurasa mmoja: jumla kwa kila aina ya mafuta, lita zake, kizidishi na chanzo chake, magari yaliyohesabiwa na yaliyoachwa, asilimia iliyokadiriwa kwa fedha, na mstari wa upotevu. Nyuma yake kuna faili lenye dipu za kila siku, hati za maboza na picha za risiti kwa mpangilio wa namba za magari. Faili hilo usilitupe mwaka ukiisha. Mteja akija mwakani kuuliza kama mmepunguza, atataka kulinganisha na mwaka huu, na kama mlibadilisha kizidishi au mkaongeza malori ya kukodi, itabidi mwaka huu uhesabiwe upya kwa kanuni ileile.